Pa Kuvuta Pumzi

Jumanne, 7 Aprili

Leo tumetoka kliniki ya macho mimi na Baba. Jicho la kulia lilikwisha zamani, hilo tulijua. La kushoto daktari amelimulika weee, kisha akavua miwani yake na kuipangusa, nikajua hana la heri. Presha ya macho imelila. Dawa zitachelewesha tu. Nikamwuliza, miezi mingapi? Akasema hawezi kuapa, lakini kama kuna kitu Mzee anataka kukiona, akione kabla mvua hizi hazijaisha.

Tulipofika Kiembeni, nikifungua duka, Baba akasema, "Jael."

"Abee, Baba."

"Nataka kukisoma kitabu changu. Kwa jicho langu mwenyewe. Sitaki kusomewa."

Kitabu chenyewe hakipo. Zipo nyimbo themanini na nne alizotunga akiwa mwalimu wa kwaya kwa miaka arobaini, nyingi kwa Kigiriama, chache kwa Kiswahili. Mimi nimezichapa hapa dukani kwenye kompyuta yangu kuukuu kutoka madaftari yake, kila wimbo na faili yake. Kanisa linatimiza miaka hamsini tarehe 28 Juni, na kwa miaka mitatu tumekuwa tukisema tutachapisha, tutachapisha.

Basi sasa tunachapisha.

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua ya kwanza. Paa linavuja juu ya mashine ya fotokopi. Nimeweka beseni.

Jumamosi, 11 Aprili

Baada ya mazoezi ya kwaya nilimkabidhi flashi Erastus. Huyu ni Mkamba, anakaa Changamwe, anatunza kompyuta za yadi moja ya makontena, na kwetu anaimba sauti ya nne. Ni mjane kama mimi. Ana tabia ya kufikiri kabla ya kujibu "hujambo", mtu unabaki umenyoosha mkono tu. Hunichosha. Lakini hakuna mwingine anayejua kupanga kitabu, na amesema atafanya bure.

Nikamwambia, "Bwana Erastus, nyimbo hizi ni za Baba. Usiguse hata nukta."

Akafikiri. "Sitagusa, Mama Lavender."

Alhamisi, 16 Aprili

Kanipigia simu nina wateja foleni, watu wanataka kuprinti fomu, na yeye taratibuuu: "Mama Lavender, samahani. Kwa nini umeweka herufi M mwishoni mwa kila mstari?"

M? M gani?

"Naona kialama kama paa la nyumba, halafu M. Kila mstari."

Nikamwambia mimi nimesomea upigaji chapa, nina cheti ukutani, sijaweka M yoyote, na kama kompyuta yake inaona mapaa ya nyumba aipeleke ikapimwe macho. Akasema pole, huenda ni mashine zetu tu hazielewani, atasafisha. Kisha akaanza, "Na ule wimbo wa arobaini na moja, kuna mahali..." Nikamkata. Foleni ilikuwa imefika barabarani.

Jumapili, 19 Aprili

Mvua. Baba kavaa shati ndani nje kwenda kanisani. Nilimgeuzia mlangoni, tukacheka wote wawili.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimekasirika hata kalamu inatoboa karatasi.

Erastus kanirudishia flashi, "nimesafisha, tazama." Nimefungua dukani. Jamani! Mistari hakuna. Wimbo mzima umekuwa kamba moja ndefu, neno limegandana na neno, beti zimeliwa, kiitikio kimemezwa. Nikafungua wa pili, vilevile. Wa themanini na nne, vilevile.

Nikauprinti mmoja kwa herufi kubwa nimwonyeshe Baba, labda mimi ndiye nimechanganyikiwa. Akasogea mlangoni kwenye mwanga, akaiweka karatasi puani, akaanza kuimba kwa sauti ya chini kama afanyavyo akisoma. Akaenda, akaenda, akakwama, kifua kikapanda, akakohoa mpaka Mwanasaumu wa jirani akaacha viazi karai vyake motoni akaja mbio.

"Mbona sina pa kuvuta pumzi?" Baba akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umehamishwa.

Kwaya nzima ya Kiembeni inajua hilo. Kwa Baba, Mzee Changawa wao, mwisho wa mstari ndipo unapovuta pumzi. Hapana kwingine. Ukivuta katikati anakutazama mpaka unatamani kuhama dhehebu.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimemtumia binti yangu Lavender faili zote, zangu za asili na za Erastus. Anasomea kompyuta Nairobi, mwaka wa kwanza. Nimemwambia atazame kama kuna kitu kimebadilishwa.

Alhamisi, 30 Aprili

Lavender kapiga. Wana programu ya kulinganisha faili mbili, inakuonyesha mistari iliyobadilika kwa rangi nyekundu.

"Mama, ni nyekundu tupu."

"Mingapi?"

"Yote. Mistari elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Kila mstari umeguswa."

Niliketi. Kila mstari! Nilimwambia asiguse hata nukta.

Jumamosi, 2 Mei

Nimefanya jambo na sijui kama ninalijutia.

Mazoezini nilisimama kabla ya maombi ya kufunga, mbele ya watu thelathini, nikasema Bwana Erastus amechukua nyimbo za baba yangu akazichezea. Kila mstari. Nikasema tunao ushahidi kutoka Nairobi. Nikasema mtu wa kutoka mbali asijifanye anajua kumsahihisha Mgiriama nyimbo zake.

Hilo la mwisho lilinitoka tu.

Alifikiri kama kawaida yake. Kisha akasema, "Sikubadilisha hata herufi moja, Mama Lavender." Akavaa koti lake la mvua, akamwamkia Baba shikamoo ya kuaga, akatoka. Baba akabaki ameelekeza uso mlangoni muda mrefu.

Tukiwa njiani akasema, "Jael, wewe una hasira za mama yako, ila mama yako alikuwa anauliza kwanza."

Jumanne, 5 Mei

Ninakipanga kitabu mwenyewe kwa faili zangu za asili. Nitashindwa na nini?

Jumatano, 6 Mei

Nimeshindwa na namba za kurasa.

Jumamosi, 9 Mei

Mazoezi. Kiti cha Erastus kitupu. Sauti ya nne wamebaki watatu, wanaimba kama wanatafuta ufunguo gizani. Baba aliwasimamisha mara mbili. Hakuna aliyenitazama.

Jumatatu, 11 Mei

Mvua siku nne mfululizo. Umeme unapotea na kurudi. Wimbo wa kumi na moja umeangukia kurasa mbili, ukiusogeza huu, wa kumi na nne unakimbia.

Alhamisi, 14 Mei

Asubuhi Baba alimimina chai nje ya kikombe. Chai iliteremka mezani mpaka magotini mwake na bado alikuwa anamimina, ananiambia habari za mvua. Nilichukua birika mkononi mwake nikasema kikombe hiki kina ufa. Akasema, "Ehe, kitupe." Anajua hakina ufa. Nimekwenda kulia kwenye choo cha duka, nikanawa uso, nikafungua.

Nyimbo kumi na tisa. Zimebaki sitini na tano.

Jumamosi, 16 Mei

Mwanasaumu kaniuliza, "Shoga, hivi yule Mkamba mpole amekukosea nini hasa?" Nikamweleza. Akageuza viazi vyake. "Wallahi mimi sijui kompyuta. Lakini mtu akitaka kuiba nyimbo ataiba moja mbili. Atakaa abadilishe mistari elfu mbili kwa faida gani?"

Nikamwambia achunge mafuta yake.

Jumanne, 19 Mei

Ee Mungu wangu.

Lavender amepiga simu analia. Nikadhani ameugua. Anasema leo mwalimu wao alikuwa akieleza faili zinazotoka mashine moja kwenda nyingine, na yeye akazikumbuka faili zetu. Akarudi chumbani akaiambia ile programu ilinganishe tena, lakini isihesabu alama zinazofunga mistari, itazame maneno tu.

"Ikasemaje?"

"Sifuri, Mama. Hakuna tofauti hata moja. Hata nukta. Hata koma."

Anasema kila mstari una alama mwishoni ambayo jicho halioni, ya kuiambia kompyuta hapa pameisha. Kompyuta yangu ya Windows inaweka alama mbili. Ya Erastus, ya Linux, inaweka moja. Yeye aliondoa ile ya ziada, basi programu ikaona kila mstari umeguswa. Na kompyuta yangu ilivyo kuukuu, ikiona alama moja tu haitambui kwamba mstari umeisha, inaunganisha yote. Maneno yalikuwa salama siku zote. Mistari ilikuwepo. Ni mashine yangu iliyokuwa haiioni.

Nilisema mbele ya watu thelathini. Nilisema mtu wa kutoka mbali.

Jumatano, 20 Mei

Nimefunga duka saa nne nikaenda Changamwe. Matope, malori yamejipanga toka mzunguko wa barabara mpaka nisikokuona, na mimi na viatu vya kanisani, kwa sababu nilifikiri mtu akienda kuomba radhi avae vizuri.

Nilimkuta nje ya nyumba yake akiosha buti, siku yake ya mapumziko. Aliponiona alisimama na buti moja mkononi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Nikasema tu, "Nimekukosea. Nilikutukana bure mbele ya watu, na sikukuuliza. Nisamehe."

Akafikiri. Na safari hii nilisubiri. Kwa kweli ningesubiri mpaka jioni.

"Karibu ndani, Mama Lavender. Umelowa."

Alinipa kitambaa na chai ya rangi. Nikamwambia Lavender amenieleza lakini sijaelewa vizuri, alama mbili za nini kama moja inatosha? Akauliza, "Ile mashine ya chapa uliyosomea, ukifika mwisho wa mstari ulifanya nini?"

Mkono wangu wa kushoto ulijibu kabla ya mdomo. Ulikwenda wenyewe hewani, ukasukuma kile kishikio kutoka kushoto kwenda kulia. Kengele, ting! Gari la mashine linarudi mwanzo na karatasi inapanda mstari mmoja.

"Mambo mawili," akasema. "Kurudi mwanzo, na kwenda mstari wa chini. Kompyuta yako bado inayasema yote mawili, kama mashine ya chapa. Yangu inasema 'chini' tu. Kurudi mwanzo inajua yenyewe."

Jamani. Miaka thelathini na cheti ukutani, na hiyo M ilikuwa kile kishikio changu. Alikuwa anaona mkono wangu wa kushoto kila mwisho wa mstari, mara elfu mbili na ushei, na mimi nikamwambia akapimwe macho.

Nilicheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Yeye alitazama buti zake. Nikamwambia habari ya chai na kikombe. Akaweka kikombe chake chini. "Basi tusipoteze wiki," akasema.

Alhamisi, 21 Mei

Nimemweleza Mwanasaumu zile alama mbili. Akasema, "Hiyo kompyuta yako basi ni kama mume wangu, mpaka aambiwe mara mbili. Mwenzio ameelewa mara moja. Usimwachie huyo." Nimemwambia ashike adabu. Uso uliniwaka moto lakini, nitaandika ukweli.

Jumamosi, 23 Mei

Nilisimama mahali palepale, mbele ya watu walewale, nikayarudisha maneno yangu moja moja. Ilichukua muda mrefu kuliko kuyasema. Erastus akaingia katikati ya maelezo yangu, akaketi mahali pake. Baba akapiga goti lake kwa kiganja, akasema, "Sauti ya nne, tuanze."

Ijumaa, 29 Mei

Erastus huja dukani Jumatano na Ijumaa, na laptopu yake kwenye mfuko wa nailoni. Anapanga, mimi nasoma kwa sauti kutoka madaftari, Baba anasikiliza. Faili zikienda kwake anaondoa alama moja, zikirudi kwangu anairudisha. Anafanya hivyo bila kuombwa. Leo nimegundua huwa simkati maneno tena, na kwamba akipewa nafasi ana utani wa chini chini.

Jumatano, 3 Juni

Mvua zinapungua. Zamani nilikuwa nashukuru.

Jumatatu, 8 Juni

Baba hakuniona nikimpungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara. Alitabasamu kuelekea kwa mtu mwingine.

Jumamosi, 13 Juni

Jumatatu faili zinakwenda kwa mchapishaji. Leo Erastus alileta nakala ya kwanza, kurasa zote, herufi kubwa kama za kitabu cha chekechea. Tulimweka Baba kizingitini mwa duka, jua limechomoza kati ya mvua mbili. Tukampa.

Hakuanza mwanzo. Alipekua kwa kidole, akiuliza namba, mpaka arobaini na moja.

Huo ni wimbo wa Mama. Mama alikuwa Mtaita, wakaoana hawajuani lugha, Kiswahili ndicho kilichowaoza. Kwa hiyo alipofariki, Baba alimwimbia kwa Kiswahili, kaburini, mwenyewe, bila kwaya. Nami niliuchapa wiki ileile ya mazishi.

Aliweka jicho karibu kabisa, pua ikagusa karatasi. Kidole chini ya mstari. Akasoma kwa jicho lake mwenyewe, polepole:

*Umetangulia, Mghoi wangu,*
*ufunguo nimeuacha dirishani.*
*Ukifika usifunge mlango, nami niko njiani.*

Kidole kikasimama. Kikarudi. Kikapita tena.

"Hapa," akasema. "Jael, hapa pana mistari miwili."

Nikatazama daftari. Kweli. *Ukifika usifunge mlango*, kisha chini yake peke yake, *nami niko njiani*. Katika kuchapa niliiunganisha mimi. Wiki ile nilitaka ule wimbo uishe niondoke kwenye kiti.

"Pale kaburini nilishindwa," Baba akasema. "Nilifika 'mlango' sauti ikakatika. Nikavuta pumzi. Ndipo nikaweza kusema lililobaki. Pumzi ile ni sehemu ya wimbo, mwanangu. Bila ile nisingefika mwisho."

Nilimgeukia Erastus. Alikuwa anatazama chini.

"Ulijua," nikamwambia. Nikakumbuka ile simu, foleni, *ule wimbo wa arobaini na moja, kuna mahali.* "Ulijua tangu Aprili."

Akafikiri. "Kwaya hupumua hapo. Nimeimba nao miaka sita. Nilitaka kuuliza."

"Na kwa nini hukurekebisha tu?"

"Uliniambia nisiguse."

Mistari elfu mbili nilimshtaki kwayo, na ule mmoja uliostahili kuguswa aliuacha ulivyo, kwa sababu nilimwomba. Nilimshika mkono pale pale mbele ya Baba, mbele ya Mwanasaumu na sufuria lake, na sikuona haya.

Akafungua laptopu, akauleta wimbo, akaweka mshale mbele ya *nami*. Kisha akanisukumia. "Bonyeza wewe."

Nikabonyeza Enta. Mara moja. *Nami niko njiani* ukashuka chini, ukakaa peke yake.

"Umeweka?" Baba akauliza.

"Nimeweka, Baba."

"Mnamwachia mwimbaji nafasi?"

"Tunamwachia."

Akairudisha ile nakala machoni, ingawa karatasi ilikuwa bado na kosa, akausoma wimbo wote hadi mwisho, na pale palipokosewa akavuta pumzi yeye mwenyewe. Mvua ikaanza tena, nikamwingiza ndani.

Alhamisi, 18 Juni

Baba amesema asubuhi hii mwanga wa dirisha anauona, dirisha lenyewe halioni. Amesema kwa utulivu. Nimemtia dawa hata hivyo.

Jumatano, 24 Juni

Vitabu vimefika, maboksi matatu. Erastus kavibeba mwenyewe toka barabarani. Vinanuka wino. Baba alikinusa cha kwanza muda mrefu.

Jumapili, 28 Juni

Hakuna mvua kabisa. Watu walijaa mpaka nje. Baba alikaa kiti cha mbele, suti ya kijivu, kitabu mkononi. Alikuwa amekishika juu chini. Nilinyanyuka nikamgeuzie, Erastus kutoka mstari wa nyuma akatikisa kichwa kidogo tu. Nikakaa.

Arobaini na moja waliuimba wa mwisho. Lavender alikuja kutoka Nairobi, alikuwa ubavuni mwangu na kitabu chake wazi. Nilifuata kwa kidole. *Ukifika usifunge mlango.* Watu thelathini wakanyamaza pamoja. Nilizisikia pumzi zao zote, na mbele yao moja ya Baba, ndefu, mabega yakipanda ndani ya ile suti.

Kisha akaingia pamoja nao.

Nyumbani nikamvua viatu. Akauliza kama kitabu kilikuwa sawa mkononi mwake, maana alihisi watu wanatazama. Nikamwambia ukweli, kilikuwa juu chini.

"Ah," akasema, "si kitu, ile arobaini na moja nimeshaisoma kwa jicho langu."

Nikamwekea kitabu dirishani, pale mkono wake unapofika. Erastus anakuja kula kesho.